Kibuyu Kisichonuka

Mtumbwi wa Mama Kokuberwa ulikuwa umepinduliwa katikati ya uwanja, na hakuna mtu wa mtaa wa Pasiansi aliyethubutu kuugusa. Haukuwa mtumbwi wa ziwani. Lilikuwa gogo lililochongwa tumbo, la kukamulia ndizi na kuchachushia pombe ya rubisi, alilokuja nalo kutoka Muleba siku alipohamia Mwanza na marehemu mumewe. Sasa lilikuwa limelala kifudifudi kwenye tope la pombe iliyomwagwa. Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, walikuwa wamelifunika lote likawa jeusi. Vioo vya madirisha vilikuwa vimevunjwa kwa mawe, na ukutani mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: MCHAWI.

Inspekta Dorcas Akelo alisimama langoni akavuta hewa kwa pua. Siku ya tatu hii, na tope lile lilikuwa bado linanuka. Si uchachu tu. Juu ya uchachu kulikuwa na harufu nyingine kali, harufu ya wodi iliyotoka kupigwa deki.

"Afande, unaisikia?" Sajini Privatus alijiziba pua kwa kiganja. "Ndiyo hiyo sumu yenyewe."

"Nimesikia harufu. Sumu bado sijaisikia."

Privatus akashusha kiganja. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mpole, mwenye tabia ya kuamini neno la kwanza analoambiwa, na Dorcas alishachoka kumsema. Tena safari hii hakuwa peke yake. Mkuu wa upelelezi, Mrakibu Jonathan, alikwisha kutoa hukumu asubuhi ile bila kuinua macho kwenye simu yake. Mama kapika pombe, pombe inanuka dawa, shemeji yake kainywa kafa. Jalada liende kwa wakili wa serikali kesho asubuhi. Kosa ni mauaji, na Dorcas alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba mwisho wa jalada la namna hiyo ni kitanzi.

Jirani aliyeanza kupiga kelele siku ya tukio aliitwa Zadok, fundi wa injini za boti, mtu wa Mara. Walimkuta barazani kwake ng'ambo ya uzio, amekaa kama mgonjwa.

"Ulikunywa?" Dorcas alimuuliza.

"Kikombe kimoja, afande. Nusu. Ilikuwa inanuka hospitali! Tukatazamana, lakini utasemaje kwenye sherehe ya mtu? Mama yule tunamheshimu. Tukameza hivyo hivyo."

"Na shemeji yake, Mzee Deodatus?"

"Yeye alikuwa na kibuyu chake na mrija wake. Amekaa kwenye kiti cha mbele, si ndiye mkubwa wa ukoo wao? Akavuta mara ya kwanza, akafumba macho, akasema, 'Hii ndiyo rubisi.' Tukacheka chini kwa chini. Tukasema leo mzee kaamua kuwa na adabu."

"Kwani kwa kawaida hana adabu?"

Zadok alisahau ugonjwa wake kidogo. "Huyo? Mwaka jana kwenye arusi hapo jirani alipewa kibuyu, akanusa, akasema kina moshi. Akakimwaga chini mbele ya bibi arusi! Mzee Deodatus hanywi kitu kinachonuka. Alikuwa na pua kama ya mbwa, Mungu amrehemu."

"Halafu?"

"Halafu hatukumaliza hata wimbo mmoja. Mrija ukamtoka mdomoni. Akatoa povu, akaanguka. Ndipo mimi nikapiga kelele, sumu! Maana ile harufu, afande, ningefikiri nini? Watu wakatia vidole kooni, wakatapika, wengine wakauvamia mtumbwi wakaupindua." Alitazama ukuta wa jirani yake, ile rangi nyekundu, akainamisha kichwa. "Lakini sikuandika mimi pale."

Dorcas alimgeukia Privatus. "Kwenu, kibuyu cha mzee kinajazwaje?"

"Kinajazwa kwanza, kabla ya vyombo vyote," Privatus alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana ana uhakika na jambo lake mwenyewe. "Mpishi anachota kwenye mtumbwi, anaonja mbele ya mashahidi, wote waone. Kisha anakifunika kwa jani la mgomba, kinawekwa chumba cha ndani mpaka mzee akae. Halafu mpishi mwenyewe anakileta, anapiga magoti, anamkabidhi. Hawezi kumpa mtu mwingine akilete. Ni aibu."

"Aliionja?" Dorcas alimuuliza Zadok.

"Aliionja. Niliona kwa macho yangu."

"Na yuko hai. Kati ya kuonja na kupiga magoti, nani aliingia chumba cha ndani?"

"Wanawake wa jikoni. Binti yake, Celestina. Mambo ya ndani, afande, mwanaume utayajuaje?"

Walipoondoka, upepo wa ziwani ulikuwa umekufa kabisa. Wingu zito lilikuwa limesimama juu ya maji upande wa Sengerema, halisogei. Kwenye kona ya mtaa vijana kadhaa waliokaa juu ya matofali hawakusalimia, na mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika yule bibi atarudishwa lini, wamsubiri. Dorcas aliwatazama mmoja mmoja usoni mpaka wakageuza macho.  Hata jalada likimwachia mama yule bila muuaji kujulikana, uwanja wake usingemwachia.

*

Celestina alikuwa anaishi Buzuruga, nyuma ya stendi, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambako alipika chai na maandazi ya kuwauzia wasafiri. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amefunga khanga nyeusi kiunoni. Alipowaona polisi hakushtuka. Alivuta viti viwili uani, akavifuta kwa kitambaa, akamimina chai kabla hajaulizwa neno.

Uani palikuwa pasafi kupita kiasi. Kando ya ukuta yalipangwa mabeseni mapana ya maji, yamefunikwa kwa chandarua kuzuia wadudu, na chini ya maji vilionekana vipande vyeusi vya mkaa.

"Maji yanakatika huku?" Dorcas aliuliza.

"Kila siku, dada. Yakitoka tunakinga."

Dorcas alikunywa chai. Ilikuwa chai nzuri, ya tangawizi, na aliimaliza yote, jambo ambalo majuma yale lilikuwa adimu kwake. Tangu mvua zilete hofu ya kipindupindu, maji ya bomba yalikuwa yametiwa dawa mpaka chai ya kituoni ilikuwa haipiti kooni.

"Siku ya sherehe ya kumpokea mzee, uliingia chumba cha ndani?"

"Niliingia. Tuliingia wengi. Sahani zilikuwa humo."

"Ulikiona kibuyu cha baba yako mkubwa?"

"Kilikuwa pembeni, kimefunikwa. Sikukigusa."

"Nani angependa afe?"

Celestina alikunja kona ya khanga yake, akaikunjua. "Mimi sipendi kumtaja mtu. Lakini kaulizeni Alexander. Ni mtoto wa baba yetu mdogo. Alikuwa na ugomvi na mzee kuhusu kibanja cha Muleba, lile shamba la migomba aliloacha baba. Siku ya msiba alikuwa hapa mjini, halafu nasikia kavuka Sengerema. Mtu asiye na kosa anakimbilia nini ng'ambo?"

"Wewe hukitaki hicho kibanja?"

"Nani atampa mwanamke kibanja cha ukoo, dada?" Alisema hivyo kwa upole, akitabasamu. "Nimekipalilia tangu baba afe. Yeye kalala pale, na mwanangu wa kwanza kalala pale. Basi. Mama anakula nini huko mahabusu?"

"Mpelekee chakula jioni. Utaruhusiwa."

Walipotoka, Privatus alikuwa tayari na funguo za gari mkononi. "Afande, Alexander huyo! Kivuko cha Kamanga kipo, tunaweza kumwahi."

"Piga simu kwanza."

Kivuko hakikuhitajika. Askari wa Sengerema hawakumtafuta Alexander mbali, maana alikuwa amelala hospitali na mguu umefungwa plasta. Bodaboda ilimwangusha kabla ya sherehe, na hakuwa amenyanyuka kitandani tangu hapo. Wauguzi waliapa hivyo wote. Dorcas aliomba apewe simu azungumze naye mwenyewe.

"Mimi nimuue baba mkubwa kwa sababu gani?" Sauti ya Alexander ilikuwa ya kijana aliyechoka kulia. "Kibanja alishanipa. Alikuwa anakuja Pasiansi kutangaza tu, mbele ya ukoo. Nilimwambia aniache, kwamba pale pana makaburi ya watu wa Celestina, akasema desturi ni desturi. Tuligombana kwa hilo."

"Nani mwingine alijua kwamba anakuja kutangaza?"

"Shangazi yetu wa Bukoba... hapana, yeye hakujua. Nilimwambia Celestina. Nilimpigia simu nikamwomba msamaha."

Dorcas alikata simu akabaki ameishika. Privatus alimtazama, akaona afadhali aendeshe gari tu.

*

Majibu ya maabara yaliwatangulia kituoni. Pombe iliyobaki kwenye dumu, ile iliyochotwa mtumbwini kabla haujapinduliwa, haikuwa na sumu yoyote. Ilikuwa na dawa ya maji ya bomba, basi. Waliotapika walitapishwa na hofu. Lakini mabaki ya kibuyu cha Mzee Deodatus yalikuwa na sumu ya kutosha kuua watu wa nyumba nzima.

"Basi alitia kwenye kibuyu," alisema Mrakibu Jonathan. "Alionja, akatia, akapeleka. Kibuyu kilipita mikononi mwa nani mwingine? Hakuna. Kesho asubuhi, Dorcas."

"Naomba vielelezo, mkuu. Vyote viwili."

"Vya nini tena?"

"Kunusa."

Mkuu alimkazia macho, kisha akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha dogo linalotazama ziwa, na wingu lile la Sengerema sasa lilikuwa limefika juu ya bati. Dorcas aliweka dumu mezani, akaweka kibuyu kando yake, akafungua dumu kwanza. Harufu ya hospitali ilijaa chumba. Akafungua kibuyu. Aliinamisha uso, akavuta pumzi taratibu, akasubiri, akavuta tena. Mama yake alipika pombe ya mtama Shirati mpaka watoto wote wakasoma, na pua hiyo Dorcas alikuwa ameirithi. Uchachu ulikuwepo. Ndizi zilikuwepo, na mtama uliokaangwa vizuri. Chini ya hapo hakukuwa na kitu kingine.

"Privatus. Njoo unuse."

Privatus alinusa dumu akarudi nyuma. Alinusa kibuyu, akanusa tena. "Hii mbona nzuri, afande?" Kisha akaelewa, na uso ukamwiva. "Hazikutoka mtumbwi mmoja. Mtu aliimwaga ya mama kule chumba cha ndani, akajaza hii."

"Nenda kamlete mama."

Mama Kokuberwa aliingia akiburuta ndala, mikono imefungwa mbele na khanga imemteleza kichwani. Alikuwa amekonda kwa muda ule mfupi kama mtu aliyefungwa mwezi mzima. Dorcas aliamuru pingu zifunguliwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamevunja nyumba?"

"Vioo tu."

"Na mtumbwi?"

"Upo."

Akashusha pumzi. Dorcas alimsogezea dumu. "Nisaidie kitu ambacho mimi sikijui, mama. Hii ni yako?"

Mama hakuhitaji kuinama. "Yangu. Aibu yangu hiyo. Ni maji, mwanangu. Maji ya bomba ya siku hizi yakikutana na mtama uliokaangwa yananuka namna hii. Yanatakiwa yalazwe kwenye beseni wazi, usiku kucha, na mkaa ulioiva ndani yake. Dawa inakufa yote. Lakini shemeji alileta habari kwamba anawahi, sikupata muda. Nikakinga bombani nikamimina. Nilipofunua mtumbwi nililia."

"Haikuwezekana kuirekebisha baadaye? Kutia kitu, kuichuja?"

"Ikishaingia kwenye pombe haitoki. Hata uchuje mara ngapi. Unairekebisha kwenye maji au huirekebishi kabisa." Mikono yake ilikuwa imeanza kuchezacheza juu ya meza, kwa furaha ya kuulizwa jambo analolijua. "Nilijua shemeji atakimwaga chini. Nilipiga magoti pale natetemeka. Akainywa! Nikashangaa mwenyewe."

Dorcas alisogeza kibuyu. 

Mama Kokuberwa alikishika kwa mikono miwili, akakileta puani. Kwanza alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la mwalimu aliyesahihisha daftari akakuta hakuna kosa. Kisha lilikatika ghafla, na macho yake yakabaki wazi juu ya mdomo wa kibuyu kama ameona mtu ndani yake. Alikirudisha mezani polepole sana, kisigonge.

"Mama?"

"Ni yangu."

"Umesema hivi sasa kwamba yako inanuka."

"Nilisema uongo. Hii ndiyo nimepika mimi. Sumu nimetia mimi. Andika, mwanangu, niweke dole gumba."

"Mama, ulimfundisha nani kulaza maji?"

"Sikumfundisha mtu." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti haikutetereka. "Mimi nimeshazeeka. Kitanzi kwangu si kitu. Andika."

Privatus alikuwa ameshika kalamu. Dorcas alimwekea mkono juu ya mkono.  Mbele ya macho yake yalikuwa yale mabeseni ya Buzuruga, na vipande vyeusi chini ya maji safi. Alikumbuka ile chai ambayo kwa mara ya kwanza majuma yale ilipita kooni, akakumbuka na kikombe alichokitua kitupu.

Mvua ilianza kupiga bati. Katikati ya kelele yake, kutoka kaunta, ikaja sauti ya upole ya mwanamke akimsalimia Konstebo Hellen, akieleza kwamba amemletea mama yake chakula.

Mama Kokuberwa alimshika Dorcas mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu isiyotarajiwa. "Mwambie nimelala. Mwambie aende zake Muleba. Nakuomba, mwanangu, mwambie aende."

Dorcas alijinasua taratibu, akatoka, mlango akauacha wazi kidogo.

Celestina alikuwa amelowa mabega. Juu ya kaunta alikuwa ameweka hotipoti na chupa kubwa ya maji. Kituo kile kilikuwa na utaratibu wa siku zote, kwamba anayeleta chakula cha mahabusu anakionja kwanza mbele ya askari, na Hellen alikuwa anatafuta kijiko.

"Maji nayo umeleta?" Dorcas aliuliza.

"Mama hawezi haya ya bomba, dada. Yanamchafua roho."

Dorcas alifungua kizibo, akanusa. Akachukua glasi ya Hellen iliyokuwa pale kaunta, akanusa hiyo pia. "Ya kwetu yananuka mpaka puani. Yako hayana kitu. Unayafanyaje?"

Mpaka hapo Celestina alikuwa amejibu kama mtu anayetembea pekupeku penye miiba. Sasa, kwa swali hili la jikoni, uso wake ulifunguka.

"Nayalaza na mkaa. Ni kazi ya mama hiyo. Hakumfundisha mwingine, ni mimi tu. Hata shangazi zangu hawajui, wao pombe yao siku hizi hainyweki. Mtu mwenye pua yake ukimpelekea, ataimwaga—"

"Nyamaza!" Sauti ilitoka nyuma ya mlango, na kishindo cha viganja viwili juu ya meza. "Nyamaza, mwanangu! Nyamaza!"

Tabasamu la Celestina lilibaki usoni bila mwenyewe. Aligeuka akatazama mlango ulioachwa wazi, akaona meza, akaona kibuyu juu yake.  Hakukana. Hakuuliza wamejuaje. Pengine alikuwa anapiga hesabu ile ile aliyoipiga Dorcas, kwamba mzee mwenye umri ule angezikwa kama wazee wote wanavyozikwa, na mtu asingeuliza, kama pombe ya mama yake siku ile isingenuka.

"Mama atatoka leo?" aliuliza.

"Atatoka leo. Mimi mwenyewe nitampeleka, na nitakaa pale uwanjani mpaka wote waelewe."

"Basi mpeni ale kwanza. Ni ndizi, zitapoa."

Hellen alimtazama Dorcas, kijiko mkononi, hajui ampe au asimpe. Celestina alikichukua kijiko mwenyewe. Alifunua hotipoti, akachota, akaonja mbele ya wote, akameza, akawasubirisha waone kama alivyofundishwa. Kisha akaifunika vizuri, akaisukuma upande wa mlango ambako mama yake alikuwa bado anasema nyamaza, nyamaza, ingawa hakuna aliyekuwa akisema kitu.